Uzi wa Bluu

Panga tuliliacha hewani, na sasa linashuka.

Leonsia aliliona likija, na mwili wake ukachagua jambo moja tu: alikaa kitako. Hakuruka wala hakupiga yowe. Alikaa tu chini kwenye vumbi la chuma, na panga la Mhoja likapita juu ya kilemba chake, likajikita kwenye meza ya mbao. Mhoja akavuta. Panga likagoma kutoka.

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungia maandazi kabla hujalisoma, shika haya upesi, maana Mhoja hatavuta milele. Leonsia Kamugisha ana kibanda cha kukodisha riwaya za mapenzi karibu na stendi ya Nyegezi. Leo asubuhi amekuja Igoma kumtafuta mteja wake, mjane Getruda, ambaye hajaonekana tangu Jumapili. Fununu zimemfikisha kwenye karakana hii ya kuchomelea mageti. Mhoja, fundi mwenye karakana, amemkaribisha ndani kwa adabu zote, amefunga mlango, amempokonya simu na kuikanyagia kisigino. Sasa tuendelee.

Mkono wa Leonsia ulipapasa chini ya meza ukakuta nyundo. Hakufikiri mara mbili. Aliipeleka moja kwa moja kwenye goti la Mhoja, na goti likatoa mlio ambao sitauandika, kwa sababu wengine mnasoma huku mnakunywa chai.

Mhoja akaanguka upande upande, akaiangusha na mashine yake ya kuchomelea. Lakini mwanamume alikuwa mbishi. Akiwa chini vilevile alimdaka Leonsia mkono wa kushoto, ule aliouzungushia nyuzi zake za kushonea vitabu, akaupinda hadi Leonsia akaona nyota mchana. Nyundo ikashuka tena, safari hii kwenye vidole. Mhoja akaachia.

"Getruda yuko wapi?"

"Dada, mguu wangu! Umenivunja mguu!"

"Una mwingine. Getruda yuko wapi?"

Mhoja akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya mageti yaliyoegemezwa ukutani kulikuwa na mlango mdogo wa stoo. Leonsia alichomoa panga mezani kwa mikono yote miwili, akayasukuma mageti yakaanguka kwa kishindo, akapiga komeo teke.

Getruda alikuwa amekalishwa juu ya gunia la mkaa, mikono imefungwa kwa kamba ya nyavu. Taya lake lilikuwa limevimba hadi sura imehama. Mama huyu alikuwa wa rika la mama yake Leonsia, na mazoea ni kitu cha ajabu, kwa sababu neno la kwanza lililomtoka Leonsia lilikuwa, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Getruda akajibu kwa upande mmoja wa mdomo. "Kata kamba."

Leonsia akakata.

"Nani amekufanya hivi? Huyu hapa nje?"

"Huyu alinishika tu. Aliyenipiga ni Nathaniel."

 Nathaniel alikuwa mchumba wa Sharon, na Sharon alikuwa mdogo wake wa pekee, tumbo moja, ambaye walifiwa na wazazi pamoja.

Hapa lazima nieleze jambo, na naomba msinune. Leonsia hakodishi vitabu ovyo. Kila kitabu amekivalisha gamba la karatasi ya mfuko wa saruji, na mgongoni amekishona kwa uzi wa rangi. Nyuzi hizo huzivaa kwenye kifundo cha mkono kila asubuhi, ili kitabu kikichanika akishone palepale. Rangi ndiyo inayomwambia mteja ndani kuna mapenzi ya namna gani. Nyeupe ni mapenzi ya watu wa kanisani, hakuna kushikana mikono mpaka siku ya harusi. Njano ni moyo uliofiwa au kuachwa, unaojifunza kupenda upya. Nyekundu wateja huikodi huku wakiangalia pembeni. Bluu ni mwanamume jeuri, mkavu, mwenye donda moyoni, anayelainishwa na mwanamke mmoja tu duniani. Na nyeusi ni ile ya kulia: mmoja kati ya wapendanao hatarudi nyumbani.

Ole wake akosee uzi! Mwaka jana alimpa mwalimu mmoja kitabu cha nyeusi ambacho mwishoni wote wawili walipona wakaoana. Mwalimu alikirudisha amefura kwa hasira. "Dada, mimi nilikuwa nimejiandaa kulia!" Leonsia akaomba radhi, akafumua uzi na kushona mwingine. Msomaji wa mapenzi anaingia kitabuni akijua anachokidai, na asipokipata hukumbuka mpaka jina la aliyemkodisha.

"Alikuja kwangu mpole," Getruda alikuwa anasema, huku akijisugua mikono damu irudi. "Akasema naye amefiwa na mke. Akawa ananisindikiza kaburini kwa marehemu, anapalilia majani. Mwanaume anapalilia kaburi la mume wako, utamfukuzaje? Kisha akaanza kuzitaka boti alizoniachia marehemu. Nilipokataa, ndiyo haya."

 Getruda alikuwa msomaji wa njano. Hakuwahi kukodi rangi nyingine.

Na Modesta, yule muuza mabondo ya samaki aliyezama ziwani mwanzoni mwa masika, alikuwa msomaji wa nyeusi. Msibani kila mtu alisema alikuwa na mchumba mgonjwa wa moyo, kijana anayehesabu miezi yake ya mwisho, na wengi wakasikitika kwamba mzima ndiye aliyetangulia. Mchumba huyo hakuna aliyemwona vizuri.

Sharon alikuwa msomaji wa bluu. Na Nathaniel wa Sharon alikuwa mkavu, mwenye kununa, mwenye kovu shingoni ambalo hataki kulizungumzia.

Mwanamume mmoja, sura tatu. Na nani aliyempa hizo sura? Leonsia alikumbuka jinsi Nathaniel alivyokuwa akija kibandani na karanga za kukaanga, anakaa kwenye benchi, anauliza taratibu: "Yule mama anayekodi njano, kwani anapenda nini hasa kwenye vile vitabu?" Leonsia akadhani kijana ana haya na anatafuta mke. Akamweleza yote. Alimfundisha kila rangi mwenyewe, huku akitafuna karanga zake, na siku alipoanza kuongozana na Sharon alifurahi hadi akampikia senene. Aliona aibu na hasira vikimpanda kwa pamoja, na hasira ikawahi.

Akamrudia Mhoja pale chini, akamwekea panga kwenye goti lile zima.

"Sharon yuko wapi?"

"Sijui."

Panga likazama kidogo. Suruali ikalowa.

"Kayenze! Kayenze, dada! Kwenye kiwanja chenu cha ufukweni. Amemwambia wakapaone pa kujenga, na hati ya kiwanja ameshamsainisha. Boti ipo tayari."

"Boti ya nini?"

Mhoja akalia machozi ya kweli. "Ya kwenda kama Modesta."

"Modesta alizama."

"Modesta alipigwa kasia kwanza," Mhoja akasema. "Mimi nilikuwa naendesha tu. Nathaniel hawezi, dada. Amekulia Kishapu anachunga ng'ombe, kuogelea hajui, mashine hajui. Akipanda boti anashika kingo kwa mikono yote miwili mpaka mshuke. Ananisubiri mimi. Alisema nimalizane na huyu mama kwanza, ndipo nije."

Getruda alikuwa ameshaokota nyundo. Sitasema aliipeleka wapi. Nitasema tu kwamba Mhoja hakuzungumza tena sehemu hii yote.

Walipofungua mlango, mafundi wa jirani walikuwa wamejaa nje, wamevutwa na kishindo cha mageti. Leonsia akapaza sauti: mkamateni huyu, pigieni polisi, waambieni Kayenze. Wakapiga. Lakini mtoto wa mwenzio ndiye anayeweza kusubiri polisi. Getruda alikuwa ameshakaa kwenye guta la Mhoja, lile la matairi matatu la kubebea mageti, na ufunguo ulikuwa umening'inia mahali pake.

"Unaweza kuendesha?"

"Mwanangu, dagaa wangu wanafikaje sokoni? Wanatembea? Panda."

Getruda aliendesha kama mtu aliyeibiwa. Walipita kwenye mashimo bila kuyabagua. Leonsia alijishikilia kwenye bomba za nyuma, panga limelazwa chini ya miguu yake, akawa anapigia kelele upepo.

"Utamwambia nini mdogo wako?" Getruda akauliza bila kugeuka.

"Hapo ndipo nilipokwama, mama. Nikimwambia amkimbie, nimekwisha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu katika kila kitabu cha bluu kuna dada. Dada mkubwa, hajaolewa, ana wivu, anakuja mbio kusema huyo mwanamume ni mbaya. Msomaji akimwona tu huyo dada anafyonza. Halafu msichana anamkumbatia mwanamume kwa nguvu zaidi. Sharon amesoma vitabu hivyo vyote. Nikifungua mdomo, ataniona mimi ndiye yule."

"Basi mimi nitamwonyesha taya langu. Taya halina wivu."

Leonsia akaomba Mungu taya litoshe.

Ninyi mlioniandikia wiki nzima mkidai busu la Sharon na Nathaniel, njooni mlichukue hapa.

Kayenze mchana ule kina mama walikuwa wanaanua dagaa mchangani. Nyuma ya mawe makubwa, kwenye kiwanja ambacho mzee Kamugisha, baba yao, alimwachia Sharon, msichana alikuwa amesimama na Nathaniel karibu na boti iliyofungwa kwa kamba. Jicho la kushoto la Sharon lilikuwa limevimba, jekundu, na alikuwa anatabasamu. Nathaniel alimwinamia, akambusu paji la uso kidogo tu, kisha akageuza uso upande wa ziwa kana kwamba amejutia. Bluu tupu! Hata Leonsia, aliyejua kila kitu, alikiri moyoni kwamba jamaa amejifunza vizuri.

"Sharon!"

Msichana akageuka. Tabasamu likazimika alipoona panga.

"Dada Leo? Hilo panga la nini?"

Nathaniel hakushtuka. Alimwangalia Getruda akishuka kwenye guta, akapima, akaelewa, na Leonsia akaona macho yake yakifanya hesabu. Kisha uso ukarudi kwenye ukavu wake.

"Mwangalie mama huyu," Leonsia akasema, akijilazimisha kuwa mtulivu. "Mwangalie usoni. Ni kazi ya huyo uliyesimama naye."

Getruda akasogea. "Binti yangu, alinifungia tangu Jumapili. Anaua huyu. Alikuja kwangu na machozi, akasema amefiwa, akasema marehemu mume wangu ndiye aliyemtuma anitunze, akanisomea zaburi jioni..."

"Nani?" Sharon akauliza. "Nathaniel?"

"Ndiyo, huyo."

Sharon akacheka. Kicheko kilimkata Leonsia kuliko panga.

"Mama, pole sana kwa kuumia, lakini umekosea mtu. Nathaniel kulia? Nathaniel kusoma zaburi? Huyu hajawahi hata kuniambia ananipenda. Huyo unayemsema ni mwanamume mwingine kabisa."

Na kweli alikuwa mwingine, hapo ndipo ubaya ulipokaa. Getruda alikuwa ameleta maneno ya njano mbele ya msomaji wa bluu, na hakuna hata moja lililofanana. Ushahidi wote walioubeba kutoka Igoma ukamwagika mchangani.

"Huyu mama alinitaka nikamkataa," Nathaniel akasema polepole. Kisha, bila kupandisha sauti, alimpiga Getruda teke la tumbo. Mama akaenda chini.

"Nathaniel!" Sharon akapiga kelele.

"Unaona?" Akajishika kichwa. "Unaona mimi nilivyo? Nikikasirika sijizuii. Nenda na dada yako, Sharon. Mimi si mtu wa kupendwa."

Akaanza kuondoka kuelekea kwenye boti, mabega yameshuka.

Leonsia angeweza kulitaja neno hilo kabla halijatamkwa. Liko karibu na mwisho wa kila kitabu cha bluu alichokishona, na baada yake msichana lazima akimbie kumfuata. Sharon akakimbia kumfuata. Akamshika mkono.

"Siendi popote bila wewe."

"Sharon, mimi ndiye niliyemwambia unasoma bluu!" Leonsia alikuwa anapiga kelele sasa. "Mimi ndiye niliyemfundisha! Kovu, kununa, kofi halafu majuto, vyote amevitoa kibandani kwangu! Amemwua Modesta kwa maneno ya nyeusi! Mdogo wangu, waitu, nakusihi, mkimbie!"

Sharon akamgeukia taratibu. Jicho lile zima lilikuwa limejaa huruma, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

"Dada, nilijua utakuja. Nilijua utasema hivyo hivyo. Una wivu, dada Leo."

Nathaniel, nyuma yake, akatabasamu kidogo. Tabasamu lilikuwa la Leonsia peke yake.

Nataka mjue jinsi alivyoumia. Huyu ndiye mtoto ambaye Leonsia alimbeba mgongoni Bukoba kwenye mvua, aliyemfundisha kuogelea kabla hajajua kuandika jina lake, aliyemkalisha kibandani amkatie nyuzi kwa meno. Na mtoto huyo anamtazama sasa kama mtu asiye na maana katika hadithi ya watu wengine. Leonsia alitaka kulia. Badala yake akili yake, akili ya mtu aliyeshika vitabu vile miaka yote, ikamletea ukurasa unaofuata.

Dada mwenye wivu huwa hakomei kwenye maneno.

"Ndiyo!" Leonsia akasema, na sauti ikabadilika hadi Getruda akainua kichwa kutoka mchangani. "Nina wivu. Kiwanja umepata wewe, mwanamume umepata wewe. Mimi nimepata nini, kushona vitabu? Kama sitampata mimi, hutampata na wewe!"

Akainua panga kwa mikono miwili, akamkimbilia mdogo wake.

Ninyi wasomaji wa bluu mnajua kinachopaswa kutokea. Mnakijua kuliko mimi. Mtasamehe kofi, mtasamehe jela, mtasamehe hata mwanamume kuondoka bila kuaga. Lakini panga likija, yule jeuri lazima atangulize kifua chake. Anamweka msichana nyuma, anapokea yeye, na hapo ndipo msichana anapojua. Kitabu cha bluu kisicho na mahali hapo mngekirudisha kibandani siku hiyo hiyo. Sharon alikuwa anapasubiri mahali hapo tangu kofi la kwanza.

Leonsia alikuwa akikimbia na kuomba. Usimguse, Nathaniel. Fanya ulivyo, usifanye nilivyokufundisha.

Nathaniel aliona chuma kinakuja. Kwa mara ya kwanza hakuwa na muda wa kukumbuka rangi. Alimshika Sharon mabega yote mawili kutoka nyuma, akajikunja, akamvuta mbele yake.

Leonsia alipinda kiwiko, lakini mchanga ulimtelezesha. Panga lilipita ubavuni mwa bega la Sharon na kulichana. Damu ikaja nyingi, ikashuka hadi vidoleni.

Sharon hakupiga kelele. Alikuwa anatazama mikono ya Nathaniel, ambayo bado ilikuwa imemng'ang'ania kwa nguvu, imemshikilia pale pale, kati yake na panga.

"Umenisukuma mbele," akasema.

"Nilikuwa nakuvuta pembeni..."

"Umenisukuma mbele, Nathaniel."

Leonsia alitupa panga, akamrukia mdogo wake kuziba jeraha kwa kilemba. Lilikuwa kosa. Nathaniel aliokota kasia kwenye boti, akamtandika nalo ubavuni, kisha kichwani. Leonsia akasikia ubavu ukivunjika. Akapiga goti, akatapika, akaona mchanga unamjia usoni. Alipopata tena kuona vizuri alikuwa chali, mguu wa Nathaniel uko kifuani kwake, na panga lile lile la Mhoja limemkaa kooni.

Sura zote zilikuwa zimemtoka. Hakuwa mpole wala mgonjwa wala jeuri mwenye donda. Alikuwa mtu mwembamba anayetetemeka kwa hasira, anayetaka kiwanja.

"Mhoja yuko wapi?" akafoka.

"Mhoja hana magoti," Getruda akajibu akiwa amejiinamia.

Kina mama wa dagaa walikuwa wameacha kazi. Walikuja wakizunguka mawe, mmoja ana jiwe, mwingine ana mti wa kuanikia, na nyuma yao wanaume wa nyavu walikuwa wanakimbia. Yowe likapigwa. Njia ya nchi kavu ikafungwa.

"Mtu akisogea, huyu nachinja!" Panga likaminya. Leonsia akasikia maji moto yakimtiririka shingoni, akajua ni damu yake.

Watu wakasimama. Nathaniel akaangalia boti, akaangalia mashine ya boti, akaangalia maji. Hofu ilimjaa usoni waziwazi. Hakuwa na dereva.

"Nitaendesha mimi."

Ilikuwa sauti ya Sharon.

Alikuwa amesimama, mkono mmoja umebana bega, sketi imelowa. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa. "Najua mashine, baba alinifundisha. Mwachie dada yangu, nitakupeleka visiwani. Watu wa visiwani hawaulizi."

"Unanidanganya."

"Nikudanganye vipi? Una panga." Akasogea karibu naye. "Uliogopa tu. Kila mtu anaogopa. Si ulisema wewe si mtu wa kupendwa? Nakupenda hivyo hivyo."

Nathaniel akamtazama. Mwanamume aliyekula mkate wa maneno hayo miezi yote alishindwa kuyakataa yalipoletwa mezani kwake. Akateremsha panga kidogo.

"Muage," akasema. "Upesi."

"Sharon, usiende," Leonsia alinong'ona. "Mdogo wangu, usiende. Umeona mwenyewe!"

Sharon akapiga magoti. Akaegemeza paji lake la uso kwenye la dada yake, akamshika mkono wa kushoto, akaubana kwa nguvu sana hadi Leonsia akasikia kitu kinamkata ngozi ya kifundo. Akainamisha mdomo juu yake kama anayeubusu.

"Dada Leo," akasema kwa sauti ya chini mno. "Usinililie kabla ya mwisho."

Akainuka. Akafungua kamba ya boti, akaingia, akamnyooshea Nathaniel mkono mzima amsaidie kupanda. Nathaniel alipanda na panga lake, akakaa katikati, akashika ukingo kwa mkono mmoja. Mashine ikanguruma mara ya kwanza. Boti ikageuka, ikakamata maji.

Leonsia alijaribu kusimama, ubavu ukakataa. Kina mama walikuwa wamemfikia, mmoja anamfunga shingo kwa khanga, wote wanaongea kwa pamoja. Hakusikia hata neno. Aliona mgongo wa mdogo wake ukizidi kuwa mdogo, akaamini amempoteza. Amemkata kwa panga ili amwokoe, na bado mtoto amemfuata yule mtu. Akalia kwa sauti, bila kujali watu.

Getruda alikuja akitambaa, akamshika mkono.

"Unatoka damu na huku."

Leonsia akatazama kifundo chake cha kushoto. Nyuzi zilikuwa zimevutwa hovyo, na mstari mwekundu umechorwa kwenye ngozi pale meno yalipopita. Nyeupe ilikuwepo. Njano, nyekundu, bluu.

Akazirudia tena kwa kidole, moja moja. Nyeusi, ile ya mmoja asiyerudi nyumbani, haikuwepo.

Kule majini Sharon aliinua mkono wake wa kushoto juu, wazi, watu wote wa ufukweni wauone. Kulikuwa na kitu chembamba kimezunguka kifundo.

"Kwani amekuibia uzi?" Getruda akauliza. "Wa nini?"

Leonsia alikuwa anasikiliza. Mlio wa mashine ulikuwa umekatika, na mahali ambapo maji yamegeuka kutoka kijani kuwa meusi boti ilikuwa imesimama, inayumba. Sharon alikuwa amesimama wima, anavua viatu. Nathaniel alikuwa ameshika kingo, mkono mmoja upande huu na mwingine upande ule, na panga hakuna aliyeliona liko wapi.

"Mnisogezee boti," Leonsia akasema. "Jamani, mnisogezee boti yoyote!"